Kubandika tailizi za vinaili mwenyewe nyumbani: mwongozo kamili kwa sakafu zetu za saruji

Tailizi za vinaili, yaani plastiki laini, zenye gundi nyuma zimejaa madukani siku hizi, ukizunguka Kariakoo nusu saa tu unakutana nazo za kila aina, za mfano wa mbao, za mfano wa marumaru, za maua ya kizamani, na muuzaji atakwambia wewe ni kubandua karatasi na kubandika, basi. Kubandika kwenyewe kweli ni kazi ya siku moja kwa chumba cha kawaida. Kinachokula muda ni sakafu, na hapo ndo watu wengi wanaruka.

Mimi mpaka sasa nimefanya vyumba vinne, viwili kwangu Mbagala, kimoja kwa dada yangu Morogoro na kimoja kwa mama mkwe Njombe. Cha kwanza kilibanduka chote. Nilibandika mwanzoni mwa mwezi wa sita, masika ndo imeisha, sakafu kwa macho ilikuwa kavu kabisa, baada ya wiki tatu nikaona tailizi ya kona ya dirishani imejikunja ncha, nikaivuta kidogo ikaja nzima bila ubishi, chini yake kuna matone ya maji na gundi imekuwa nyeupe kama uji. Nilikaa chini nikazitoa moja moja na kila moja nikaigeuza kuangalia mgongo wake. Zile zenye mgongo mweupe zilikuwa upande wa dirisha, na zile za upande wa mlango zilikuwa kavu lakini mgongo umejaa vumbi la saruji, yaani gundi ilishika vumbi vizuri tu, ila vumbi lenyewe halikuwa limeshika sakafu. Toka siku ile najua kwamba gundi hii inashika kile kitu cha juu kabisa inachokutana nacho. Kama ni vumbi itashika vumbi, kama ni polishi itashika polishi, kama ni unyevu haitashika chochote. Karibu kila hatua hapa chini inatokana na hilo.

Chumba gani kinafaa

Sebule, vyumba vya kulala, korido, ofisi ndogo, duka la nguo, saluni, huko hamna shida. Jikoni inawezekana kama unapikia gesi au umeme juu ya meza, lakini kama jiko la mkaa linakaa chini sakafuni usiweke kabisa, kaa moja likidondoka linaunguza tailizi hapohapo na hata joto la chini ya jiko peke yake linalainisha vinaili na gundi. Bafu zetu hizi za kuogea na ndoo, maji yanamwagika sakafu nzima kila siku, hapana. Baraza la nje linalopigwa jua na mvua, hapana pia.

Na kama umepanga, ongea na baba mwenye nyumba kwanza, maana kuzitoa baadaye inawezekana lakini gundi inabaki sakafuni na kuikwangua ni kazi kubwa kuliko kubandika.

Pima unyevu kabla hujanunua kitu

Kata nailoni nene, mfano ile ya kufunikia, kipande cha kama sentimita 60 kwa 60, ilaze kwenye sakafu tupu halafu ziba pande zote nne kwa selotepu pana ya kahawia hewa isipite. Weka vipande viwili au vitatu sehemu tofauti, kimoja lazima kiwe karibu na ukuta wa nje na kingine karibu na ukuta unaopakana na bafu. Iache siku moja nzima, mimi naacha siku tatu. Ukifunua ukakuta matone ndani ya nailoni, au saruji ya chini yake imekuwa nyeusi kuliko ya pembeni, sakafu ina maji yanayopanda kutoka chini, na hapo usibandike hata kama umeshapanga siku na fundi wa kukusaidia ameshakuja.

Angalia na kuta. Rangi ikiwa inabanduka chini karibu na sakafu na kuna unga mweupe wa chumvi, jibu umeshapata hata bila nailoni. Saa ingine sababu ni ndogo na inatibika, maji ya bati yanadondokea nyuma ya nyumba na kutuama ukutani, au bomba la bafuni linavuja taratibu ndani ya ukuta, kwangu ilikuwa hiyo ya maji ya mvua, nikachimba mfereji wa kuyatoa nikasubiri mpaka mwezi wa tisa nikapima tena ikawa kavu. Lakini nyumba nyingi zimejengwa bila kutandikwa nailoni chini ya zege, hasa za zamani na zile za mabondeni ambako maji ya ardhini yapo karibu, na hizo hazitakauka hata ungoje mwaka. Huko weka tailizi za udongo za kubandika na saruji, au kapeti la plastiki unalotandika tu bila gundi ili uwe unalikunja na kupepea sakafu. Ukibandika hizi utakuwa unatupa hela, nakwambia kwa uchungu kabisa.

Sakafu mpya iliyopigwa juzi nayo isubiri. Mwezi mmoja ndo kima cha chini, na kama ni kipindi cha mvua ongeza, kisha upime na nailoni vilevile.

Polishi, vumbi na niru

Sakafu nyingi za nyumbani kwetu ni za niru, yaani saruji iliyolainishwa juu mpaka ikateleza, na nyingi zimeshapakwa polishi nyekundu miaka na miaka. Polishi ile ni nta. Chukua maji dondosha matone machache sehemu mbalimbali za chumba, tone likikaa limejiviringa kama juu ya jani la mgomba, nta ipo, gundi haitashika. Tone likisambaa na kuanza kuzama taratibu upo vizuri. Kuitoa ni maji ya moto, sabuni ya unga nyingi na steelwool au brashi ngumu, unasugua eneo dogo dogo, unafuta yale maji machafu kabla hayajakauka maana yakikauka nta inarudi palepale, unaenda eneo lingine. Kwa dada Morogoro tulirudia mara tatu. Watu wengine wanatumia tina, ile ya kuyeyushia rangi, mimi siipendi ndani ya nyumba, harufu yake inaumiza kichwa na inawaka moto haraka, na isipokauka vizuri inailainisha gundi ya tailizi. Ukimaliza suuza na maji safi mara mbili, mabaki ya sabuni nayo ni kitu cha juu ambacho gundi itakutana nacho.

Sakafu ya saruji isiyo na niru tatizo lake ni unga. Pitisha kiganja, kikija cheupe basi hapo bado. Fagia, futa na kitambaa kibichi, acha ikauke, halafu paka praima ya akriliki ya sakafu, waulize duka la rangi wanaijua, paka kwa rola safu nyembamba mbili. Ya kwanza inanyweka yote, ya pili ndo inabaki juu na kufunga vumbi. Ikikauka inakuwa kama ngozi nyembamba inayonata kidogo, na juu ya hiyo tailizi inashika mpaka unashangaa. Niru inayoteleza sana ipitishe msasa kwanza, namba 60 au 80, uondoe ule mng'ao tu, vaa barakoa, futa vumbi, ndo upake praima. Kama hela ya kuongeza ipo ya kitu kimoja tu kwenye kazi nzima, nunua praima.

Sehemu ya mabonde na vinundu. Chukua ubao ulionyooka wa mita 2, uzungushe sakafuni huku umewasha tochi ya simu upande wa pili, mwanga unaopita chini ya ubao unakuonyesha bonde liko wapi. Tailizi hizi ni nyembamba, nyingi hazizidi milimita 2, na vinaili ni laini kwa hiyo baada ya wiki chache inalala na kufuata umbo la chini yake, hata chembe moja ya mchanga utaiona kama chunusi pale mwanga wa dirisha unapopiga. Vinundu vikwangue na patasi. Mabonde na nyufa zijaze na ile poda ya kusawazisha sakafu inayouzwa kwenye mifuko. Usitumie jipsam ya ukutani, inakuwa laini ikikanyagwa na inavunjika chini ya tailizi. Saruji na mchanga peke yake kwenye bonde jembamba nayo inapasuka na kubanduka. Kama unabandika juu ya tailizi za udongo za zamani, zioshe mafuta yote na jaza mistari yote ya katikati iwe sawa na uso wa tailizi, la sivyo baada ya mwezi utaihesabu ile mistari moja moja ikijitokeza juu.

Kwa ndugu mlioko Marekani kwenye nyumba za zamani, mkikuta chini ya kapeti kuna vitailizi vya inchi 9 kwa 9 na gundi nyeusi, msivisugue msasa wala kuvivunja. Vingi vya zamani hizo vilitengenezwa na asbesto, vumbi lake ni hatari kwa mapafu. Pimisheni kwanza.

Kununua, na hesabu inayowapotosha wengi

Zilizozoeleka ni sentimita 30 kwa 30, kuna za 45 kwa 45 na zile ndefu za mfano wa mbao. Chagua nene kadiri mfuko unavyoruhusu, ya milimita 2 inavumilia miguu ya meza na kuficha kasoro ndogo kuliko ya milimita 1. Mwambie muuzaji afungue boksi, ikunje tailizi kidogo, gusa gundi kwenye kona, kama imekauka au imehamia kwenye karatasi ni mzigo uliokaa sana kwenye joto. Na maboksi yote yawe na namba moja ya toleo, rangi zinatofautiana kidogo kati ya toleo na toleo, dukani huioni, ukishabandika unaiona.

Hesabu sasa. Watu wanachukua urefu mara upana, wanagawa, wanaongeza asilimia 10, wamemaliza. Chumba changu cha pili kilikuwa mita 3.10 kwa 3.70, yaani mita za mraba 11.47. Tailizi moja ya 30 kwa 30 ni 0.09, ukigawa unapata 127 na kitu, ongeza kumi ya mia ni 140. Lakini ukichora kwenye karatasi, ukianzia katikati ya chumba kama nitakavyoeleza chini, upande mmoja unahitaji tailizi 9 nzima na mbili za kukata, jumla 11, upande mwingine 11 nzima na mbili za kukata, jumla 13, na 11 mara 13 ni 143, kwa sababu ukikata kipande cha sentimita 20 kinachobaki ni cha 10 na hakiendi popote. 140 zisingetosha, na ukirudi dukani wiki ijayo toleo limeisha. Kwa hiyo hesabu safu, usihesabu eneo tu. Mimi nilinunua 150, saba zikabaki ambazo ni za akiba ya kuharibu na kurekebisha.

Ukizileta nyumbani zitoe kwenye boksi zilaze bapa ndani ya chumba hichohicho siku mbili, zizoee joto la hapo. Usiziache nje juani wala kwenye buti la gari. Sehemu za baridi kama Njombe mwezi wa sita na wa saba ni tatizo la upande wa pili, tailizi inakuwa ngumu kama plastiki ya ndoo na gundi haing'ati, kwa mama mkwe tulisubiri saa tano asubuhi jua liingie na tukawa tunapasha kila moja mgongoni na drayer ya nywele sekunde chache kabla ya kuilaza.

Mistari ya katikati

Usianzie ukutani. Kuta zetu hazijanyooka, ukiufuata ukuta uliopinda sentimita mbili basi chumba kizima kitapinda nao. Pima katikati ya kuta mbili zinazotazamana, vuta uzi uliopakwa chaki, upige chini uache mstari, fanya hivyo pande zote mbili upate msalaba. Hakikisha ni pembe mraba kwa njia ya mafundi, toka pale kwenye makutano pima futi 3 kwenye mstari mmoja, futi 4 kwenye mwingine, umbali kati ya alama hizo mbili lazima uwe futi 5 kamili. Haijafika, sogeza mstari.

Afu panga tailizi kavu bila kubandua karatasi toka katikati mpaka ukutani, uone kipande cha mwisho kitakuwa na upana gani. Pale kwangu nusu ya mita 3.10 ni 1.55, tailizi tano zinachukua 1.50 na unabaki na kijiukanda cha sentimita 5, kibaya kwa macho na ndo cha kwanza kubanduka. Nikasogeza mstari sentimita 15, nusu ya tailizi, upande mmoja ukawa 1.40, tailizi nne na kipande cha 20, upande wa pili 1.70, tailizi tano na kipande cha 20. Pande zote sawa, hakuna ukanda mwembamba. Simama mlangoni uangalie kabla hujaridhika, mlangoni ndo kila mgeni anapoanzia kuangalia.

Kubandika

Siku yenyewe fagia tena, futa tena na kitambaa kikavu, zima feni, watoto na viatu vibaki nje. Geuza tailizi uangalie mishale kwenye karatasi ya nyuma, yote ielekee upande mmoja, isipokuwa kama mchoro wako unataka zipishane. Changanya za boksi mbili tatu unapoendelea ili tofauti ndogo za rangi zisambae.

Bandua karatasi, shika tailizi kwa kingo, pembe yake moja iweke kamili kwenye makutano ya msalaba, ukingo ufuate mstari, ndo uilaze taratibu kama unavyolaza kurasa, katikati kwenda nje hewa itoke. Usiiteleze, ukiiteleza gundi inajikusanya pembeni na inatokeza kwenye mshono. Ya kwanza ikikosea hata milimita 1, ing'oe sasa hivi irudie, maana kosa hilo litaongezeka safu kwa safu. Ya pili inagusana na ya kwanza, ukingo kwa ukingo, hamna nafasi ya kujaza saruji katikati. Nenda kama ngazi, robo moja ya chumba mpaka iishe, halafu robo nyingine, ukiacha zote za kukata kwa mwisho.

Zile karatasi za nyuma zinateleza vibaya sana, ukikanyaga moja juu ya tailizi mpya unaanguka hapohapo. Weka kiroba pembeni, kila karatasi iingie humo, usijiambie utaziokota baadaye. Kama upo na mtu mwingine, yeye abandue wewe ulaze.

Kila baada ya tailizi kumi hivi zikandamize. Mafundi wana rola nzito, nyumbani mti wa kusukumia chapati uliozungushiwa kitambaa unafanya kazi, weka uzito wa mwili wote, pitisha kila mshono na kila kona. Gundi hii inashika kwa kukandamizwa, kuikanyaga tu kwa mguu haitoshi.

Kukata za pembeni

Weka tailizi ya kukata juu kabisa ya tailizi nzima ya mwisho, zilingane kingo zote. Chukua tailizi nyingine ya tatu, iweke juu yake huku imegusa ukuta. Chora mstari wa penseli pale ukingo wa ile ya tatu unapoishia, kwenye ile ya katikati. Sehemu isiyofunikwa ndo kipande chako, kimefuata ukuta hata kama umepinda, na futi kamba hujagusa. Kata ukiacha karatasi ya nyuma isibanduliwe, rula ya chuma, kisu chenye wembe mpya, pitisha mara mbili tatu upande wa juu halafu kunja, itakatika. Wembe badilisha mara kwa mara, wembe butu unapasua ukingo.

Fremu ya mlango na bomba, kata kwanza umbo kwenye kipande cha boksi, kijaribishe mpaka kikae, ndo ukichore juu ya tailizi. Kwa bomba toboa duara halafu kata mstari mmoja toka duara mpaka ukingo wa upande wa ukutani. Mlangoni malizia na ukanda wa alumini, miguu ikikwaruza ukingo ulio wazi kila siku utainuka. Upande unaopakana na mlango wa bafu ziba na silikoni.

Siku za mwanzo na matunzo

Vitanda na makabati yasirudi kabla ya siku moja kupita, na yakirudi yanyanyueni, msiburute. Kudeki kwa maji subiri siku tano, hapa ongea na kila mtu nyumbani na dada wa kazi pia, sisi tumezoea kumwaga ndoo na kusukuma kwa fagio, na kwenye sakafu hii maji yanaingia kwenye mishono. Hata baada ya hizo siku tano ni kitambaa kilichokamuliwa na sabuni kidogo. Zulia la mlangoni lenye mpira chini linaacha doa la njano lisilotoka, tafuta la kitambaa. Miguu ya viti bandikia vipande vya kitambaa kizito. Dirisha linaloingiza jua kali la mchana liwekee pazia, vinaili inatanuka na joto na tailizi za pale ndo zinaanza kuhama.

Tailizi ikiharibika, weka kitambaa juu yake, pitisha pasi ya moto mdogo au drayer mpaka gundi ilainike, ingiza kisu cha puti kwenye kona uinyanyue, kwangua gundi yote iliyobaki, futa, acha pakauke, bandika moja ya zile za akiba na ukandamize. Za akiba ziweke bapa chini ya kitanda, ukizisimamisha zinapinda.